Sharti na Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumsuta mtu anayekaa kwa wenzake bila kutoa jasho, na ni kweli ina makali ya namna hiyo. Lakini anayeamrishwa ndani yake ni mwenyeji, wala si mgeni. Mwenyeji ndiye anayeambiwa atoe: kwanza chakula na malazi, kisha jembe. Wahenga hawakusema siku ya tatu mfukuze, wala siku ya tatu kamkague shambani kama amelima. Walisema mpe. Nadhani ndani ya neno hilo fupi limo jibu la swali linalowagusa leo mamilioni ya vijana walio vyuoni kwa fedha za umma: msaada aliopewa maskini ili asome, ukifungwa kwa sharti la kufaulu, je, unabaki kuwa msaada? Na kama sharti hilo ni la haki, linamdai nani: anayepokea peke yake, au na anayetoa pia?

Nchi inayofaa kutazamwa kwanza ni Marekani, kwa sababu huko swali hili limeandikwa kwenye sheria na kanuni kwa kinaganaga. Tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu katika chuo alichosoma mwenyewe huko San Marcos, Texas, na serikali kuu ikajifunga kuwasaidia vijana wasio na uwezo. Mwaka 1972 likaongezwa fungu la ruzuku ambalo tangu 1980 linaitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell. Ni fedha isiyorudishwa, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Kinachomfungulia mtu mlango wa ruzuku hii ni uhitaji, yaani hesabu ya kipato cha familia yake. Wakimbizi waliopokelewa nchini humo kisheria nao wanastahili, na miongoni mwao wamo vijana wengi kutoka Kongo waliokwenda na Kiswahili chao. Ila mtu akishaingia, uhitaji peke yake hautoshi tena kumbakisha. Lazima aonyeshe kile ambacho kanuni inakiita maendeleo ya kuridhisha katika masomo.

Kipimo cha maendeleo hayo kina sehemu tatu. Ya kwanza ni alama: kufikia mwisho wa mwaka wa pili mwanafunzi awe na wastani usiopungua C, au unaolingana na masharti ya kuhitimu chuoni kwake. Ya pili ni mwendo, yaani sehemu ya krediti alizofaulu kati ya zote alizozijaribu, na ya tatu ni ukomo wa muda, ambao kwa shahada ya kwanza hauwezi kuzidi asilimia 150 ya urefu wa programu. Kama shahada inahitaji krediti 120, msaada hauwezi kuendelea baada ya mwanafunzi kujaribu krediti 180. Na kwa kuwa 120 ni theluthi mbili ya 180, vyuo vingi humtaka awe amefaulu walau asilimia 67 ya krediti zote alizojiandikisha. Somo aliloliacha katikati ya muhula kwa kawaida huhesabiwa kuwa amelijaribu. Chuo kinachopima kila muhula kinaruhusiwa kumpa onyo pamoja na muhula mmoja wa kujirekebisha. Kinachopima mara moja kwa mwaka hakina ruhusa hiyo. Aliyepoteza msaada anaweza kukata rufaa kwa sababu ya kifo cha ndugu, ugonjwa au jambo jingine zito, akieleza pia ni kipi kilichobadilika. Lakini hilo ni pale tu ambapo chuo kimeamua kupokea rufaa, maana kanuni haikilazimishi.

Sisemi kwamba masharti ya namna hii ni dhuluma kwa asili yake. Ninachosema ni kwamba sharti la haki ni ahadi ya pande mbili. Anayemwambia mwenzake “utapata hiki ukifanya kile” amejifunga kuhakikisha kwamba kile kinawezekana, kwamba njia ya kukifikia ipo na aliyeambiwa anaweza kuipita. Immanuel Kant aliliweka jambo hili katika msingi wa falsafa yake ya maadili: wajibu unatangulizwa na uwezo, na hakuna anayewajibika kwa lisilowezekana. Waislamu wanalijua kwa njia nyingine, kwa kuwa Qurani inafundisha katika Sura ya Pili kwamba Mungu haitwishi nafsi mzigo usiochukulika. Ikiwa Muumba mwenyewe amejiwekea mpaka huo, afisa wa mikopo hawezi kudai kwamba yeye hana mpaka. Kwa hiyo msaada wenye sharti unapaswa kuhukumiwa kwa yale ambayo mtoaji ameyafanya ili sharti lifikiwe, kabla ya kuuliza kama mpokeaji amelifikia. Panapokosekana wajibu huo wa mtoaji, sharti linageuka kuwa njia ya kumtoa mtu huku lawama ikibaki kwake.

Kwanza niwatendee haki wanaolitetea sharti, maana wana hoja nzito. Fedha ya masomo ni amana. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake chakula. Akila asirudi, amewasaliti. Mfano huo unaonyesha wazi kwamba aliyebaki kijijini ana haki juu ya aliyeondoka. Mkulima anayelipa kodi kwenye sukari na mafuta ya taa, na mtoto wake hajafika hata kidato cha nne, ana haki ya kuuliza kama yule anayesomeshwa kwa jasho lake anasoma kweli. Kumwambia kwamba swali lake ni ukatili kwa maskini ni kumkosea adabu, kwa sababu yeye mwenyewe ni maskini. Amana isiyoulizwa hugeuka kuwa mali ya aliyeishika.

Wanachuoni wa Kiislamu walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya Johnson. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa vizazi na vizazi katika pwani yetu, aliandika katika kitabu chake kingine, Majmuu, kuhusu mwanafunzi mwenye nguvu za kufanya kazi ambaye ameshughulika na elimu ya sheria ya dini, kiasi kwamba akienda kutafuta riziki masomo yatakatika. Akasema huyo ni halali kupewa zaka, kwa kuwa kuitafuta elimu hiyo ni faradhi ya kutoshelezana, jukumu la jamii nzima. Lakini yule ambaye kupata elimu hakuwezekani kwake, hata akiwa mkazi wa madrasa, si halali kwake kuipokea ikiwa anaweza kujitafutia. Hilo ni sharti la maendeleo ya masomo, limeandikwa Damascus katika karne ya 13. Kwa hiyo anayedhani kwamba dini inaijua huruma tu na haiijui hesabu, amekosea.

Hata hivyo, fatwa hiyo inastahili kusomwa hadi mwisho, kwa sababu imejengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba elimu ni deni la jamii. Anayetoa anatekeleza wajibu wake mwenyewe, hivyo hana nafasi ya kujiona mfadhili anayeweza kusimanga. Ya pili ni kwamba kinachoulizwa ni kama elimu inaweza kupatikana kwa mtu huyu. Kwa ninavyoielewa, hilo ni swali kuhusu uwezekano, na uwezekano haujulikani kwa mtihani mmoja wala kwa muhula mmoja mbaya. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote: katazo limefungwa kwa uwezo wa kujitafutia riziki. Asiyeweza kujitafutia anabaki fukara, na haki ya fukara haikufutwa kwa kuwa amefeli. Nawawi alimtoa mtu kwenye daraja la mwanafunzi bila kumtoa kwenye daraja la binadamu mhitaji. Kanuni za siku hizi humtoa mtu chuoni zikaona kazi yake imeishia hapo.

Wakristo nao wana mfano wao unaotajwa sana katika mijadala ya namna hii, ule wa talanta katika Injili ya Mathayo. Watumwa watatu walikabidhiwa mali na bwana wao, mmoja talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja, kila mmoja kulingana na uwezo wake. Wahubiri wengi huutumia kuthibitisha kwamba asiyezalisha anastahili kunyang’anywa. Lakini aliyeleta mbili za ziada alisifiwa sawasawa na aliyeleta tano, kwa hiyo wingi wa matokeo haukuwa ndio mizani. Na katika mfano wote hamna mtumwa aliyefanya biashara akapata hasara kisha akaadhibiwa. Aliyehukumiwa ni yule aliyeichukua talanta akaifukia ardhini kwa woga, asijaribu lolote. Kosa lake lilikuwa kutothubutu, na lilizaliwa na imani yake kwamba bwana wake ni mkali asiyesamehe.

Sasa tuurudishe mfano huo kwenye hesabu ya Marekani. Katika kipimo cha mwendo, krediti zilizojaribiwa ndizo zinazogawanya zile zilizofaulu; kila jaribio linaongeza mzigo wa chini wa sehemu hiyo. Mwanafunzi aliyejiandikisha masomo matano ya krediti tatu tatu, akaugua, akayaacha mawili na kufaulu matatu, amepata 9 kati ya 15, yaani asilimia 60. Yuko chini ya mstari. Muhula unaofuata akifaulu yote matano atakuwa na 24 kati ya 30, yaani asilimia 80, juu kabisa ya mstari uleule. Ni mtu yuleyule, mwenye akili ileile. Tofauti pekee ni kama aliruhusiwa kufika muhula wa pili. Zaidi ya hapo, aliyekwepa kemia na hesabu akachagua masomo mepesi yuko salama, na aliyethubutu kemia ikamshinda mara ya kwanza yuko hatarini. Kipimo cha namna hii kinamfundisha kijana maskini kuifukia talanta yake. Kijana mwenye baba tajiri anaweza kujaribu, kuanguka na kujaribu tena, kwa sababu ada yake haitegemei sehemu hiyo.

Hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa zaidi wa kanuni hii, na si wa kihesabu tu. Wanafunzi wawili wakae dawati moja, wafanye mtihani mmoja, wapate alama moja. Alama hiyo ikiwa juu ya mstari wa kufukuzwa chuo lakini chini ya mstari wa msaada, chuo kinaona wote wawili wanafaa kuendelea. Anayelipiwa na wazazi ataendelea. Anayelipiwa na ruzuku ataondoka. Mtu anaweza kujibu kwamba fedha ya mzazi ni yake na fedha ya umma ni ya umma. Lakini umma wa Marekani unamsaidia na mzazi pia. Ipo nafuu ya kodi kwa familia zinazolipa ada, inayofika dola 2,500 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi kwa muda wa miaka minne, na inazifikia familia zenye kipato cha kati na cha juu kidogo. Inamtaka mwanafunzi awe amejiandikisha walau nusu ya masomo ya kawaida. Haimuulizi alama. Fedha hiyo nayo imetoka katika hazina ileile. Kwa hiyo amana inaulizwa kwa fukara na haiulizwi kwa mwenye nacho, na sharti linalomhusu mmoja tu kati ya wawili waliokula sahani moja haliwezi kutetewa kwa jina la amana.

Je, ushahidi unasema nini kuhusu wanaoangukia chini ya mstari? Lauren Schudde na Judith Scott-Clayton, watafiti wa elimu ya juu, walikadiria mwaka 2016 kwamba kati ya asilimia 25 na 40 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaopata ruzuku ya Pell katika vyuo vya umma wana matokeo yanayowaweka katika hatari ya kuipoteza. Walipofuatilia wanafunzi wa vyuo vya jamii katika jimbo moja waliona mambo mawili kwa pamoja: dalili kwamba baadhi ya waliobaki walijitahidi zaidi, na kwamba wenye alama za chini walielekea kuacha masomo. Utafiti wa Jason Lindo, Nicholas Sanders na Philip Oreopoulos uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanafunzi waliowekwa chini ya uangalizi wa kitaaluma katika chuo kikuu kimoja cha Kanada ulitoa picha inayofanana: baadhi hawakurudi, waliorudi wakaongeza alama, na kwa jumla kuhitimu kukapungua. Waliopungukiwa zaidi katika kuhitimu ni wale waliotoka sekondari na alama za juu kuliko wenzao. Hilo ni jambo la kutafakari. Kama sharti lingekuwa linawachuja wasioweza, lisingewapoteza waliokwisha kuthibitisha uwezo wao. Adhabu inamwamsha aliyekuwa amelala na inamvunja aliyekuwa ameelemewa, na mizani ya alama haiwezi kumtenganisha mmoja na mwingine.

Kinachoweza kuwatenganisha ni jembe. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango unaojulikana kwa kifupi kama ASAP. Masharti yake ni mazito kuliko ya serikali: mwanafunzi asome muda wote, aonane na mshauri wake mara kwa mara, na masomo ya kujiandaa ayamalize mapema. Lakini kila sharti lilikuja na chombo chake. Ada iliyosalia ililipwa, nauli ya usafiri wa umma ikatolewa, vitabu vikagharimiwa, na mshauri akapewa wanafunzi wachache kiasi cha kuwajua kwa majina. Watafiti wa shirika la MDRC waliwagawa wanafunzi kwa kura, wengine wakaingia kwenye mpango na wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa ndani ya mpango walikuwa wamehitimu, na wenzao ni asilimia 22. Kwa kuwa kura ndiyo iliyowagawa, tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kusema hawa walikuwa na bidii na wale wavivu. Wengi ambao kipimo cha kawaida kingewaandika kuwa wameshindwa walikuwa wakingoja jembe.

Wapo watakaosema kwamba nimeiondoa bidii kwenye mizani, na kwamba falsafa ya namna hii inaishia kumsamehe kila mtu kila kitu. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya nadharia ya haki, alikwenda mbali hadi kusema kwamba hata utayari wa mtu kujitahidi unachangiwa na familia na mazingira aliyokulia. Ukiishika kauli hiyo peke yake, hakuna atakayestahili sifa wala lawama. Mimi sihitaji kufika huko. Sihitaji kujua ni kiasi gani cha kuanguka kwa kijana kimetokana na yeye na kiasi gani kimetokana na chumba kisicho na umeme, maana ujuzi huo ni wa Mungu peke yake. Ninachohitaji kujua ni jambo dogo linaloweza kuthibitishwa: je, mtoaji alitimiza upande wake? Onyo lilifika kwa wakati? Mshauri alikuwepo? Fedha ilitoka kabla ya muhula kuanza au wiki ya tisa? Yakishajibiwa hayo kwa ndiyo, na kijana bado haingii darasani wala hafanyi kazi aliyopewa, basi msaada ukatwe bila kuona haya. Kukata hapo ni haki, na ni hapo tu ambapo neno uzembe linapata maana.

Pingamizi jingine linatoka kwa watu wanaozijua ofisi zetu. Wanasema namba ni ngumu lakini haipokei rushwa. Ukimpa afisa uhuru wa kutazama mazingira ya kila mtu umefungua mlango wa kujuana, na maskini asiye na mjomba ofisini ndiye atakayeumia. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito wote. Lakini Aristotle alikwisha kuonyesha kwamba sheria, kwa kuwa husema kwa ujumla, lazima ikosee mahali fulani, na kwamba kuirekebisha pale ilipokosea ni sehemu ya haki yenyewe. Aliufananisha urekebishaji huo na kipimio cha madini ya risasi walichotumia waashi wa Lesbos, kinachojipinda kufuata umbo la jiwe. Kipimio hicho kinajipinda, lakini kinabaki kuwa kipimo. Dawa ya upendeleo ni utaratibu ulio wazi: rufaa iwe haki ya kila mmoja, sababu zinazokubalika ziandikwe, uamuzi utolewe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, na wanaoamua wasiwe mtu mmoja. Kuifuta rufaa kwa kuogopa upendeleo ni kufunga zahanati kwa kuogopa kwamba kuna muuguzi atakayeiba dawa.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu deni. Huenda kumbakiza mtu chuoni ndiko kumdhuru, akiwa anakusanya mkopo kwa shahada asiyoweza kuimaliza. Hapa Tanzania ndiko hoja hii inakouma zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hutoa mkopo; mnufaika akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, la mwaka unaofuata hutegemea matokeo ya mwaka uliopita, na bajeti ina ukomo, kiasi kwamba nafasi ya mmoja ni kukosa kwa mwingine. Nakubali kwamba ukomo wa muda ni wa lazima, na kwamba kumwambia mtu ukweli mapema ni huruma. Lakini tazameni mzani huu: aliyedisco, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, anaondoka bila shahada, na deni linabaki shingoni mwake kana kwamba amehitimu. Hasara yote imeangukia upande mmoja. Ikiwa kweli tunaamini kwamba kuanguka kwake kulionyesha alipelekwa pasipomfaa, basi sisi tuliompeleka tulikosea pamoja naye, na washirika katika kosa hugawana hasara. Qurani inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda hadi apate wepesi, na inaongeza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Hilo ni agizo kwa anayedai.

Limebaki suala la kurudi. Chini ya kanuni ya Marekani, aliyepoteza msaada na asiye na rufaa anaweza kuurudisha kwa kuendelea na masomo kwa gharama zake mwenyewe mpaka atakapofikia kiwango. Mtu huyo alipewa ruzuku kwa sababu ilithibitishwa kwamba hana fedha. Sasa anaambiwa athibitishe kwamba anaistahili kwa kutoa fedha ileile iliyothibitishwa kuwa hana. Dini zote mbili kubwa za pwani yetu zinafundisha toba, na katika zote mbili mlango wa toba hauna ada. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila mhunzi huyo anahitaji koleo jingine, na aliyenalo ni yuleyule aliyempa la kwanza. Kurudi kunaweza kuwa na masharti yake: masomo machache zaidi, mpango wa maandishi, mshauri wa kumfuatilia. Kusiwe na bei.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Sharti la maendeleo ya masomo ni halali pale tu linapowafunga wote wanaosaidiwa na umma, tajiri kwa maskini. Linapopima kujitahidi kwa muda wa kutosha badala ya kuhesabu jaribio kuwa kosa. Linapotanguliwa na zana za kulitimizia. Na linapoacha njia ya kurudi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji muujiza. Marekani inaweza kuifanya rufaa kuwa haki na onyo kuwa la kila chuo kwa kubadili sentensi chache za kanuni. Bodi zetu za mikopo zinaweza kulipa kwa wakati na kumpa anayerudia mwaka utaratibu unaojulikana kabla hajaanguka. Nawaomba wanaoketi kuandika miongozo hiyo kila mwaka wafanye jambo moja: kila wanapoandika mstari unaoeleza mwanafunzi atafanya nini, waandike pembeni yake wao watafanya nini, na mwisho wa mwaka wajikague kwa safu hiyo kabla ya kumkagua yeye. Mgeni amekwisha kufika siku ya tatu, yuko mlangoni, na mikono yake haina kitu.